Mia Mbili Hamsini na Sita

Fundi wa maabara alikuwa na mdomo usio na breki. Jumanne ile, saa nne asubuhi, alisimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta na rundo la ripoti kifuani, akauliza, "Mama Fagio, hivi hawa wagonjwa wako wote wamezaliwa tumbo moja?"

Mama Fagio hakuwa mama wa mtu yeyote. Jina hilo alibandikwa pale pale kazini baada ya kuandika programu aliyoiita Fagio, likamganda hata mlinzi wa getini hakumjua kwa jina lingine. Hakugeuka. "Una nini tena leo?"

"Mimi sina kitu. Napanga ripoti za mwaka kwenye mafaili, naona kama nasoma ukurasa mmoja. Huyu, vipande vilivyobaki, mia mbili hamsini na sita. Huyu naye, mia mbili hamsini na sita. Huyu mzee wa miaka sabini na huyu binti wa miaka kumi na tisa, mia mbili hamsini na sita. Ningekuwa nacheza bahati nasibu, ningeshajua namba ya kuweka."

Akacheka peke yake, akatua rundo lake mezani, akaenda kunywa chai. Mikono ya Mama Fagio ilibaki juu ya kibodi.

Wewe na mimi tukisikia namba hiyo hatupati kitu, ni namba tu. Lakini mtu aliyekaa na kompyuta miaka kumi na mitano anaijua kama anavyoijua sauti ya mama yake. Si namba ya damu ya mtu hiyo. Damu ya watu haina mpangilio: huyu atabakiza vipande elfu nane mia tatu na kumi na viwili, yule elfu tisa na arobaini. Wakibakiza wote sawasawa, mwaka mzima, maana yake kuna mtu kajenga ukuta mahali, na kila kilichofika ukutani kimeishia hapo. Na aliyeujenga Mama Fagio alikuwa anamjua vizuri sana, maana alikuwa amekalia kiti chake.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mwanamke mzima aliacha kila kitu kwa ajili ya namba moja. Damu ya mgonjwa wa saratani ya damu ikifika maabara, vinasaba vyake hutolewa vikiwa vipande vipande. Vipande hivyo huzidishwa kwa dawa, kimoja kiwe mamia, ndipo mashine iweze kuvisoma herufi kwa herufi. Tabu ni kwamba ukishazidisha, nakala mia za kipande kimoja zinajifanya mashahidi mia, kumbe shahidi ni mmoja. Kwa hiyo lazima nakala zifagiliwe, kibaki kimoja kwa kila kipande cha asili. Hapo sasa unahesabu: vizima vingapi, na vingapi vina ile herufi moja iliyogeuka, herufi ya ugonjwa. Na ili nakala zijulikane, kila kipande kabla ya kuzidishwa hubandikwa lebo ya herufi nane. Zenye lebo moja ni za baba mmoja.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na programu iliyokwenda hatua moja moja, na damu ya mtu mmoja ilikula saa tisa. Madaktari walilalamika mpaka wakachoka. Mama Fagio ndiye aliyekuja na akili ya kuigawa kazi kwa prosesa sitini na nne zifanye kwa pamoja. Mwenyewe aliziita vibarua. Ili vibarua wasigombanie mzigo, aliweka sharti rahisi: vipande vinavyoanzia mahali pamoja, vinavyoishia mahali pamoja, na vyenye herufi nne za mwanzo za lebo zinazofanana, viende fungu moja kwa kibarua mmoja. Kibarua achague kimoja kilichosomeka vizuri zaidi, vingine atupe.

Kwa nini herufi nne na si nane? Kwa sababu ya haraka. Na kwa sababu enzi hizo vipande vilikatwa ovyo, kila kimoja kina mwanzo wake na mwisho wake, hivyo lebo ilikuwa nyongeza tu. Saa tisa zikawa dakika kumi na moja. Mkuu wa maabara akawa analeta wageni waje kutazama dakika kumi na moja. Kichwa kikamvimba Mama Fagio, tusimfiche, na nani kisingemvimba?

Sasa mwaka mmoja na miezi miwili iliyopita maabara walibadilisha njia. Waliacha kukata ovyo, wakawa wanachomoa kipande kile kile tu ambacho ndani yake herufi hugeuka. Vipande vyote vikawa vinaanzia pamoja na kuishia pamoja, kwa kila mgonjwa. Kitu pekee cha kuvitofautisha kikabaki lebo, na Fagio lilikuwa linatazama nusu ya lebo. Herufi za vinasaba ni aina nne, na nafasi zilikuwa nne. Nne mara nne mara nne mara nne. Piga hesabu mwenyewe. Vipande elfu kumi na ushee vya mgonjwa vilisukumwa kwenye mafungu mia mbili hamsini na sita, kila fungu likatoa kimoja, na vingine vyote vikaenda jalalani, vizima kwa vigonjwa.

Na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kanuni ya maabara ilisema ripoti ni halali vikibaki vipande mia mbili au zaidi. Mia mbili hamsini na sita ni zaidi. Wagonjwa ambao ugonjwa wao umechachamaa waliendelea kuonekana, kwa hiyo kila mtu aliona mambo yanakwenda. Waliopotea ni wale wenye vipande vigonjwa vichache, thelathini au arobaini katika elfu kumi. Hivyo vilifagiliwa, na hata kama kimoja au viwili viliponyoka, kanuni ilisema kimoja au viwili ni kosa la mashine. Ripoti ikaandikwa: ugonjwa haukuonekana.

Alivuta faili la fomu za mabadiliko. Hakuhitaji kulitafuta sana. "Je, mabadiliko haya yanaigusa programu?" Pembeni, kwa kalamu yake ya bluu, alikuwa ameweka alama ya vema kwenye Hapana. Aliikumbuka hata siku. Fundi wa maabara ndiye aliyemletea, wakakutana kwenye korido, yeye ana kikombe mkono mmoja. "Isome basi," fundi alimwambia. "Nisome nini? Nyinyi mkate kwa kisu, mkate kwa wembe, kwangu herufi ni herufi." Akaiegemeza fomu ukutani, akasaini, wakacheka wote wawili.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti, na chumbani hakukuwa na mtu. "Wifi."

Wifi yake alikuwa mke wa mdogo wake wa kiume. Na wasikudanganye watu kwamba mawifi hawapatani. Hawa walianza kwa kununiana, kweli. Mwaka wa kwanza wa ndoa Mama Fagio alikuwa akifika anapitisha kidole juu ya kabati kuona vumbi, na wifi akawa anamwambia, "Pitisha na chini ya kitanda, wifi, huko ndiko nilikokuficha kaka yako." Ugonjwa ulipokuja, mwaka wa pili, ndio uliowaweka pamoja. Ni Mama Fagio aliyekaa naye foleni za hospitali, aliyemshikia beseni, aliyemfundisha kusoma majina marefu yaliyoandikwa kwenye boksi la vidonge.

Vidonge vile vilikuwa kimoja kila siku, miaka sita. Vilimweka hai, hilo halina ubishi. Lakini vilikuwa na sharti moja: ukiwa unavimeza, usishike mimba. Vinamharibu mtoto tumboni. Wifi alikuwa ameingia ndani ya sharti hilo akiwa na miaka thelathini na mbili. Alipofika thelathini na nane, daktari wa damu alimwambia kwamba vipimo viwili mfululizo vikitoka safi, wanaweza kujaribu kuacha dawa.

Damu ilipopelekwa, wifi alimpigia. "Nimekariri namba ya chupa yangu. Andika. Halafu uniangalizie."

"Wifi, ni mwiko. Mimi sitakiwi kujua namba ni ya nani."

"Kwani nani kakwambia ni yangu? Mimi nakusomea namba tu, kama mtu anayesoma gazeti."

Akaiandika, akaiangalia. Na kabla daktari hajafungua bahasha, ni yeye, Mama Fagio, aliyepiga simu na kusema, "Uko safi, wifi. Safi kabisa." Mara ya kwanza wifi alimwomba arudie, na arudie tena. Mara ya pili alipiga kelele za furaha hadi majirani wakagonga. Akaacha dawa. Sasa alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mtoto alishaanza kucheza.

Alisahihisha programu. Kuisahihisha, jamani, ilikuwa kugeuza nne kuwa nane. Tarakimu moja! Akawarudishia vibarua damu zote zilizosomwa kwa njia mpya, ambazo kila moja sasa ilikula sekunde chache tu, wagonjwa mia moja themanini na tatu, na hakuanza na ile aliyoikariri. Aliogopa. Aliipanga ikae mwishoni, akakaa mikono katikati ya magoti, akitazama orodha ikishuka.

Saba waligeuka. Wifi alikuwa wa saba. Kipimo cha kwanza, katika vipande elfu kumi na moja, vigonjwa thelathini na vinane. Cha pili, arobaini na kimoja. Na cha mwezi uliopita, kile cha kufuatilia baada ya kuacha dawa, ambamo Fagio liliacha vigonjwa viwili na ripoti ikasema ni kosa la mashine: tisini na saba.

Mkuu wa maabara alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akafunga mlango. "Saba tu?"

"Saba."

"Basi tusikurupuke. Jumatatu tuna kikao. Tutaunda kamati, tupime upya, tuandike taarifa moja inayoeleweka."

"Jumatatu ni siku sita, mkuu. Kuna mtu ameacha dawa kwa karatasi zetu."

"Umejuaje kwamba ameacha dawa?" Akamtazama. Akaelewa mwenyewe, maana hakuwa mjinga. Akaketi tena, akashusha sauti. "Sikiliza. Nitajifanya sikusikia hilo. Lakini karatasi yoyote ikitoka jengo hili bila sahihi yangu, utamwaga unga. Na si wewe peke yako, na fundi pia, maana fomu ina majina mawili."

Alirudi chumbani. Saa tisa na nusu alasiri alituma barua pepe saba kwa madaktari saba, kila moja na namba sahihi na maneno mawili ya kuomba radhi, kwa jina lake mwenyewe. Usidhani alikuwa jasiri. Alikosea neno lake la siri mara tatu. Alijipigia hesabu kwamba madaktari wangezifungua kesho asubuhi, na kabla ya kesho asubuhi alitaka awe ameshafika kwa wifi, asisikie kwa mtu baki.

Mdogo wake alikuwa fundi wa majokofu. Alimkuta barazani amepiga magoti nyuma ya jokofu la watu, ana bomba la shaba mkononi na mtungi wa gesi pembeni. Alipomwona dada yake aliachia tabasamu lile lile alilokuwa nalo tangu utotoni, la mtu asiyeficha kitu.

"Dada! Umekuja mikono mitupu? Shangazi mtu huyo! Mwenzio anakula siku hizi, mpaka nafungia vitu."

"Yuko wapi?"

"Ndani, kajilaza. Mwambie asikwambie hajala."

Wifi alikuwa kitandani ameegemea mito miwili, miguu juu ya kiti, anakunja vinguo vya mtoto ambavyo vilikuwa vimeshakunjwa. "Njoo ukae. Na usinitazame miguu, imevimba, najua, sihitaji kuambiwa na wifi." Kisha akamwona usoni. Akaacha kukunja. "Nani kafa?"

Mama Fagio alikuwa amepanga maneno njia nzima. Yote yakayeyuka. Akasema tu: "Majibu yako yalikuwa ya uongo. Yote matatu. Programu yangu ilitupa vipande vya ugonjwa. Haujaisha, wifi. Haukuwahi kuisha, na sasa unapanda."

Alidhani atapiga kelele. Wifi aliweka mkono juu ya tumbo, akatazama dirishani, ambako kivuli cha mumewe kilikuwa kikienda na kurudi. Kisha akasema taratibu, "Sema polepole. Asisikie."

"Kosa ni langu. Niliulizwa kwa maandishi, nikajibu bila kusoma. Sina cha kukwambia, wifi, nisamehe, najua hata neno lenyewe..."

"Unapanda kiasi gani?"

Akamwambia. Thelathini na nane, arobaini na moja, tisini na saba. Wifi akazirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, na hesabu haikumpa tabu.

"Mpaka nijifungue ni miezi minne. Itakuwa ngapi?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Inaweza kupanda kidogo kidogo, inaweza kulipuka. Lakini nimesoma kuna sindano, si vidonge, wengine huwapa wajawazito..."

"Umesoma." Hakusema kwa hasira. "Wifi, siku ile tulipokubaliana niache dawa, daktari alituweka chini wote wawili. Akasema ugonjwa ukirudi nikiwa na mimba, kabla sijafika miezi ya mwisho, tutachagua kati yangu na mtoto. Na kaka yako hakungoja hata yule mtu amalize. Akasema, mke kwanza. Hapo hapo. Akasema, mtu ninayemjua siwezi kumbadilisha na mtoto nisiyemjua. Nikampenda kwa maneno hayo, nakwambia ukweli. Nikarudi nyumbani nalia kwa kupendwa." Akatikisa kichwa. "Wakati huo hakukuwa na mtu humu ndani. Sasa yupo. Anacheza saa hii tunavyoongea. Kaka yako akijua, kesho kutwa niko hospitali na huyu hayupo."

"Wifi..."

"Hujamaliza kusikiliza. Nyamaza. Ungekuwa hukukosea, ningekuwa nameza vidonge mpaka leo, na huyu asingekuwepo kabisa. Umeelewa? Yupo kwa kosa lako. Sasa unakuja kuniomba msamaha, unataka nikusamehe nini? Nikusamehe mtoto?"

Mama Fagio alikuwa analia sasa, kimya kimya, kamasi na yote. Alimpenda mtoto yule, tuseme ukweli. Alikuwa amenunua hata chandarua chake. Na alimpenda mdogo wake, ambaye alimlea mgongoni mama yao alipokuwa kazini. Na alimpenda huyu mwanamke mkorofi aliyevimba miguu. Hakukuwa na neno la kusema ambalo lisingemkata mmoja wao.

"Nakuomba kitu kimoja," wifi akasema. "Miezi minne. Usiseme. Iache karatasi yako ya uongo ikae palepale ilipo. Nikishajifungua nitameza vidonge viwili viwili ukitaka."

"Nimeshatuma barua kwa daktari. Leo."

Wifi akafumba macho. Akayafungua. "Basi akiuliza, sema ulikosea. Sema ulichanganya namba. Nani atakupinga? Ni wewe peke yako unayeijua hiyo kompyuta."

Hilo lilikuwa kweli. Angeweza. Ilikuwa ni kumpigia daktari kesho asubuhi na kusema, samahani, barua ya saba haikuwa ya kwako. Angemwamini, maana watu wote walimwamini kwa mambo ya kompyuta, na ndiyo shida yenyewe. Wifi alikuwa amemshika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto.

"Sawa," Mama Fagio alisema.

"Niapie."

"Naapa, wifi. Sawa."

Hapo ndipo waliposikia simu ikiita barazani. Mdogo wake aliipokea kwa sauti yake ya wateja, kisha sauti ikabadilika, ikawa ya heshima. "Ndiyo, daktari. Ndiyo, mimi ndiye mume." Fomu za hospitali, utajua, zina mstari wa mtu wa karibu wa kupigiwa, na wifi alipozijaza miaka sita iliyopita alikuwa hana nguvu hata ya kushika simu, kwa hiyo akaandika namba ya mumewe. Barua ya Mama Fagio haikungojea asubuhi. Huyu daktari alikuwa mtu wa kufungua barua zake siku hiyo hiyo.

"Hapana, daktari, mbona yalikuwa safi?" wakamsikia. "Hapana. Hapana, subiri kidogo. Subiri, bahati nzuri mwenyewe yuko hapa."

Akaingia na simu mkononi, gesi na grisi zikimnuka, akicheka kidogo kama mtu anayekwenda kusahihisha jambo dogo. "Dada, hebu ongea na huyu bwana. Ananiambia eti majibu ya mke wangu yalikosewa. Nimemwambia dada yangu ndiye aliyeitengeneza hiyo programu, hakosei yule. Mwambie."

Akamnyooshea simu. Wifi alibana kile kifundo mpaka kucha zikaingia. Alimtazama, na kichwa kikawa kinasema hapana, hapana, kidogo kidogo, ili mumewe asione.

Mama Fagio akapokea simu kwa mkono mwingine. "Daktari. Ni mimi."

Sauti ya daktari ilikuwa imechoka, haikuwa na ukali. Alisema ana barua yake mbele yake. Alisema kwamba kama kuna mkanganyiko wa namba, basi amwambie sasa hivi, atafunga faili na mgonjwa ataendelea na kliniki ya kawaida mpaka ajifungue. Kama hakuna mkanganyiko, anamtaka mgonjwa hospitali kesho saa mbili asubuhi, na mumewe. "Ni lipi kati ya hayo mawili?" akauliza. "Wewe ndiye unayejua."

Alifungua mdomo aseme uongo. Alikuwa nao tayari mdomoni, umeshatafunwa, na alikuwa ameapa nao dakika moja iliyopita. Lakini mdogo wake alikuwa amesimama mbele yake anamtazama kwa ile imani yake yote, anangoja awekwe sawa. Akaona akisema hapa uongo, na tisini na saba ikawa mia tatu, ikawa elfu, atakuja kumtazama mtu huyu usoni juu ya mkewe aliyekufa, na pengine na mtoto ndani. Hilo hakuliweza. Siwezi kukuambia kwamba alifanya haki, hata mwenyewe hajui mpaka leo.

"Hakuna mkanganyiko," alisema. "Namba ni yake. Ni tisini na saba."

Wifi akaachia mkono wake. Akajigeuza kwa shida, tumbo likimzuia, akaelekea ukutani, na vile vinguo vya mtoto vikaporomoka kitandani.

Mdogo wake alikuwa bado anatabasamu, lile tabasamu la kungoja. Alimtazama mkewe, akamtazama dada yake. "Tisini na saba nini, dada?" akauliza.